Sayyid Barghash na Pesa ya Mizani

Neno pesa, lililo vinywani mwetu kutwa kucha, lilitoka Bara Hindi. Kabla ya kuwa jina la fedha zote, lilikuwa jina la sarafu moja ndogo ya shaba. Mtawala wa Unguja aliyeipiga sarafu hiyo kwa jina lake ni Sayyid Barghash bin Said. Upande mmoja aliweka jina lake kwa hati za Kiarabu, upande wa pili akaweka mizani. Ukiyafuata maisha yake, ndugu msomaji, utauona uzito wa alama hiyo.

Barghash alikuwa mmoja wa wana wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Baba yake alipofariki baharini Oktoba 1856, safarini kutoka Oman, yeye alikuwa naye chomboni. Alikitamani kiti, lakini kikaenda kwa nduguye, Sayyid Majid. Mwaka 1859 aliasi, dada yake Bibi Salme akiwa mwandishi wa barua zake za siri. Waingereza walimsaidia Majid, uasi ukazimwa, naye Barghash akahamishiwa Bombay.

Majid alikufa Oktoba 1870, na Barghash akatawala. Mashaka hayakumpa nafasi. Mwaka 1872 tufani ilivunja majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata Waingereza walimtishia kukizingira kisiwa kwa manowari, naye tarehe 5 Juni 1873 akaukubali mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hata hivyo hakukaa akilia. Alizuru Uingereza 1875, akavuta maji ya chemchemi hadi mjini, akaleta mtambo wa kupiga chapa vitabu, na 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Siku hizo biashara ya pwani ilikwenda kwa riyali ya Maria Theresa wa Austria, na kwa rupia na pesa za Bara Hindi. Sultani alikuwa na bendera na mizinga, lakini mifukoni mwa raia wake mlikuwa na sura za wafalme wa ugenini. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, alitoa sarafu zake za dhahabu, fedha na shaba. Riyali zake hazikuenea, na leo ni adimu. Pesa ya shaba ndiyo iliyoshika, kwa kuwa ndiyo ya mtu wa kununua chumvi na muhogo.

Hakutia sura yake. Alitia mizani, na kila aliyepita chuoni aijua Surat al-Mutaffifin inavyowaonya wapunjao vipimo. Mfanyabiashara aliipokea ikimkumbusha haki, na mnunuzi vivyo hivyo.

Lakini alama ni ahadi, na ahadi hudaiwa. Soko la watumwa lilifungwa, ila utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897. Aliyechuma karafuu za bwana wake bila ujira aliiona mizani yenye kitanga kimoja.

Naye Barghash alipunjwa. Pesa ya mizani ilipigwa tena ikiwa na mwaka 1304 wa Hijria. Ndani ya mwaka huo huo, Novemba 1886, Waingereza na Wajerumani walipatana wao kwa wao juu ya milki yake. Wakamwachia visiwa, ukanda wa maili 10 wa mwambao, na miji michache ya kaskazini. Mizani ilikuwa kwenye sarafu yake, lakini vipimo vilikuwa mikononi mwa wengine. Alifariki Machi 1888. Sehemu ya ukanda ule ndiyo pwani yetu ya Kenya, iliyohesabiwa kuwa ardhi ya Sultani hadi 1963.

Sarafu za Kenya zilizotolewa Desemba 2018 nazo hazina sura ya mtu, kwa kuwa Katiba ya 2010 yakataza. Zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Wanyama hao watupendeza, nasi twajivunia. Ila ile mizani ya Barghash ilikuwa na jambo zaidi: ilimdai aliyeitoa kabla ya kumdai aliyeipokea. Deni hilo, kila serikali ipigayo sarafu yapaswa kulikumbuka.