Allidina Visram, mfanyabiashara aliyefika kabla ya reli

Zaidi ya karne moja tangu alipofariki dunia, jina la Allidina Visram lingali linatajwa kila siku mjini Mombasa, ambako shule maarufu ya sekondari inaitwa kwa jina hilo. Wengi wanaolitaja hawajui kwamba mwenye jina aliingia Afrika Mashariki akiwa mtoto asiye na mtaji, na kwamba maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Maziwa Makuu.

Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alivuka Bahari ya Hindi, kama walivyofanya vijana wengi wa kwao waliokimbia ukame na umaskini. Alipata kazi Bagamoyo kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyesifika kwa kuwakodishia wasafiri wapagazi na kuwauzia mahitaji ya safari.

Bagamoyo wakati huo ilikuwa lango la misafara. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilibebwa mabegani na vichwani mwa wapagazi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 uliochukua miezi. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyo hiyo. Faida ilikuwa kubwa, lakini msafara mmoja ukivamiwa au ukikumbwa na maradhi, mali ya mwaka mzima ilipotea.

Ni katika mazingira hayo ambapo Visram alijifunza kazi, kisha katika miaka ya 1870 akaanza kutuma misafara yake mwenyewe. Badala ya kukaa pwani na kungoja pembe zimfikie, alifungua matawi kwenye njia za misafara, moja baada ya jingine, hadi Ujiji. Kila duka lilikuwa ghala, mahali pa kununulia mazao ya wenyeji, na kituo cha kujiandaa kwa hatua inayofuata. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, kijana wake wa zamani alikuwa tayari mfanyabiashara mkubwa.

Hatua moja mbele ya reli

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria, wakitumia zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India. Visram alitambua kwamba njia ya Bagamoyo ingepoteza nguvu, akahamishia macho yake kaskazini. Alifungua maduka kando ya reli na kuwauzia vibarua chakula na mahitaji mengine.

Hakusubiri reli ifike mwisho. Duka lake la Kampala lilifunguliwa mwaka 1898, wakati bidhaa zikiendelea kubebwa na wapagazi. Gari moshi lilipofika Kisumu mwaka 1901, yeye alikuwa ameshazoeana na wateja na wauzaji wa upande wa pili wa ziwa.

Muda nao ulikuwa upande wake. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, katika nchi ambayo watu wengi walikuwa bado wakitumia simbi kama fedha. Mkulima alilazimika kuuza kitu ili apate rupia, na duka la Visram lilinunua ngozi, ufuta, pembe na baadaye pamba. Wakati mabenki yakiwa bado machache, hata maafisa wa serikali waliyategemea maduka hayo kupata fedha. Hivyo mafanikio yake yalitokana na bidii, lakini pia na utawala wa kikoloni uliowabana wenyeji waingie sokoni kwa masharti wasiyoyachagua.

Aliendelea kupanua shughuli: mashamba, mashine za kukamua mafuta, uchambuzi wa pamba na vyombo vya usafiri ziwani. Matawi yake yalizidi 100. Ili kuyaendesha, aliwaita vijana kutoka Kutch na Gujarat, akawafundisha kazi na kuwapa bidhaa kwa mkopo. Wengi wao, baada ya miaka kadhaa, walijitegemea na kufungua maduka yao katika miji midogo ya Kenya na Uganda.

Lengo ambalo halikutimia

Visram alifariki mwaka 1916, baada ya kuugua homa aliyoipata katika safari ya kibiashara nchini Kongo. Alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na bado alizifuata pembe za ndovu yeye mwenyewe. Hapo ndipo udhaifu wa kazi yake ulipoonekana. Mtandao huo mkubwa ulishikwa na mtu mmoja: sifa yake ndiyo iliyokuwa dhamana, na uamuzi wake ndio uliokuwa ramani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imevuruga biashara, na mwanawe Abdulrasul, aliyeachiwa mzigo huo, alifariki mwaka 1923. Katika muongo huo kampuni ilisambaratika.

Kilichobaki ni kile alichokiweka mikononi mwa wengine. Waliojifunza kazi kwake waliendelea na biashara zao wakati bango la tajiri wao limekwisha kushushwa. Shule ya Mombasa, iliyojengwa na Abdulrasul kwa kumbukumbu ya baba yake na kufunguliwa mwaka 1923, bado inasomesha. Sewa Haji naye, aliyemwajiri akiwa mtoto, anakumbukwa zaidi Dar es Salaam kwa hospitali aliyoitolea fedha kuliko kwa misafara yake.

Kwa wenye biashara za kifamilia katika ukanda huu, maisha ya Visram yanaacha somo lenye pande mbili. Alijua kila mara duka linalofuata lingefunguliwa wapi, na akafika huko kabla ya wenzake. Lakini hakuacha mpango uliotosha kuonyesha nani angeshika usukani siku ambayo yeye hayupo.