Mwana Kupona: Mjane wa Siyu aliyemfunza bintiye kupamba uso

USIKU wa kupamba, iwe ni Likoni, Kisauni au Changamwe, kuna saa moja ambayo nyumba yenye harusi hutulia. Ni saa ile bibi harusi anapoketishwa chini ya taa, uso ukiwa umeinuliwa, na mpambaji akasimama mbele yake bila kugusa chochote kwanza. Hutazama umbo la uso kabla ya kufungua kisanduku chake.

Uso wa mviringo hutiwa poda ya kahawia pembeni na chini ya mifupa ya mashavu ili uonekane umepungua upana, kisha rangi ya mashavu huvutwa kwa mshazari kuelekea juu ya masikio. Uso mrefu hutiwa poda hiyo juu ya kipaji na chini ya kidevu ili ufupike machoni pa watu, na rangi ya mashavu hulazwa kwa upana. Wenye taya za pembe hulainishwa pembe hizo, na wenye kipaji kipana na kidevu chembamba hupunguzwa pande za kipaji. Penye giza hurudi nyuma, penye mwanga huja mbele. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hiyo.

Mbinu hizo za kivuli na mwanga zilienea duniani kwa msaada wa sinema. Miongoni mwa waliozisambaza ni Max Factor, mzaliwa wa Poland aliyehamia Marekani akawapamba waigizaji wa Hollywood hadi alipofariki mwaka wa 1938. Hata hivyo, elimu ya kumwandaa mwanamke na uso wake haikuletwa pwani hii na meli za biashara za karne ya 20. Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili mwaka wa 1858, kabla sinema haijavumbuliwa, na aliyeiandika alikuwa mjane mgonjwa wa kisiwa cha Pate. Jina lake ni Mwana Kupona binti Mshamu.

Mwana Kupona alizaliwa Pate karibu mwaka wa 1810, wakati nyota ya mji huo ilipokuwa ikififia. Alikuwa bado mtoto mdogo Pate na washirika wake, Mazrui wa Mombasa, waliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Baada ya vita hivyo, Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Tangu hapo mji mmoja baada ya mwingine uliingia chini ya bendera yake. Mombasa yenyewe ilimponyoka Mazrui mwaka wa 1837.

Mji ulioendelea kukaidi ulikuwa Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni, uliosifika kwa kazi za ngozi na za fedha, na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mikono. Kiongozi wake alikuwa Bwana Mataka, na huyo ndiye aliyemwoa Mwana Kupona. Katika miaka ya 1840, Sayyid Said alituma majeshi kuitiisha Siyu, lakini majeshi hayo yalirudishwa nyuma na kamanda wake mashuhuri akauawa.

Hivyo basi, Mwana Kupona hakuishi maisha ya starehe ya kasri, jinsi wengi wanavyodhani wakisikia habari za manukato na vidani vyake. Aliishi katika mji uliokuwa ukitazamia jahazi za adui kila msimu wa pepo ulipobadilika. Katika nyumba hiyo alizaa watoto, miongoni mwao binti aliyeitwa Mwana Hashima. Kwa masimulizi yake mwenyewe katika utenzi, yeye na mumewe waliishi kwa kicheko na heshima, wala hawakugombana hata siku moja, na mume alipokata roho alimwachia radhi zake.

Bwana Mataka alifariki karibu mwaka wa 1856. Haukupita muda mrefu Mwana Kupona naye akashikwa na maradhi ambayo hayakumwachia. Kufikia mwaka wa 1858, ugonjwa ulikuwa umetimiza mwaka mzima, na Mwana Hashima alikuwa msichana wa takriban miaka 17. Baba hayupo, mama yuko kitandani, na mji umezungukwa na dola yenye nguvu. Swali lililomkabili mama huyo lilikuwa zito: amwachie bintiye nini ambacho hakuna askari awezaye kukiteka?

Jibu lake lilikuwa maneno. Alimwita binti akaribie na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa takriban beti 100 kwa lahaja ya Kiamu, ukaandikwa kwa hati za Kiarabu. Tangu mwanzo aliyafananisha mawaidha hayo na mapambo. Kwake, wasia ulikuwa hirizi ya kufungwa kwa uzi na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Kidani cha dhahabu huweza kuuzwa siku ya dhiki au kuporwa siku ya vita. Kidani cha maneno hubaki na mwenyewe.

Mpangilio wa mafunzo yake ndio unaostahili kuzingatiwa na kila anayeshughulika na urembo. Hakuanza na uso. Alianza na dini, akafuatisha adabu na ulimi mwema, kisha ukweli na namna ya kuishi na watu. Baadaye akaja kwenye haki za mume, jinsi ya kumtunza, kumfukizia udi na kumpumzisha. Kisha akageukia nyumba, akiagiza ifagiliwe na kusafishwa isibaki taka hata chooni. Ni baada ya nyumba kuwa safi ndipo alipoufikia mwili wa mwanamke mwenyewe.

Hapo napo alikwenda kwa taratibu ya fundi. Kwanza kuoga na kusinga mwili, kisha kuzifunga nywele, kisha kutunga asumini na kuziweka kitandani. Baadaye mavazi, ili mke aliyekwisha kukaa na mumewe miaka aonekane kama bibi harusi wa leo. Miguuni furungu, mikononi bangili, shingoni kidani kisichovuliwa. Mwili usiachwe na harufu ya marashi na ya dalia, ule unga wa manjano wenye kunukia unaopakwa ngozini. Vidole visikose pete na kucha zisikose hina.

Uso ulikuja mwisho, nao ulitengewa kitu kimoja tu: wanja, ambao watu wa Lamu huuita wanda. Utiwe machoni, na utiwe katika nyusi. Basi. Hakuna mahali alipomwagiza binti kubadili umbo la uso wake wala rangi ya ngozi yake.

Kwa jicho la mpambaji, agizo hilo fupi lina hekima kubwa. Wanja wa machoni huufanya weupe wa jicho ung'ae zaidi kwa kuwa umepakana na weusi. Nyusi nazo ndizo zinazoushika uso mzima. Zikikolezwa vizuri, uso wa mviringo hupata mstari na uso mrefu hupata kituo. Mwana Kupona alichagua sehemu mbili ambazo zikitengenezwa uso wowote hupendeza, uwe wa umbo lipi. Poda ya kahawia na rangi ya mashavu hufanya kazi ya kuudanganya mtazamo wa watu kidogo. Wanja wa Siyu ulikuwa wa kuukoleza uso uliopo.

Isitoshe, alisisitiza udumifu. Karibu kila pambo alilolitaja aliliambatanisha na onyo la kutoliondoa au kutoliacha likaisha. Kwake urembo haukuwa jambo la siku ya sherehe pekee, bali kazi ya kila siku kama kufagia ua. Mwanamke asiye na mtumishi wala mali nyingi angeweza kuoga, kufunga nywele na kutia wanja.

Katika miongo ya karibuni utenzi huo umezusha mjadala mkali. Wapo wanaouona kuwa mnyororo, kwa sababu unamtaka mke amridhishe mume katika kila jambo, aombe ruhusa ya kutoka na ajisitiri akiwa njiani. Wapo pia wanaosoma zaidi ya maneno ya juu. Mtafiti Ann Biersteker, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 1991, alitaka utenzi huo utazamwe upya kwa kuzingatia jinsi unavyoshughulikia mamlaka na uwezo wa lugha.

Pande zote mbili zina hoja. Ni kweli kwamba Mwana Kupona hakumfunza bintiye kuvunja mipaka ya zama zake. Lakini ni kweli pia kwamba alikuwa akimwandaa yatima kuishi katika ulimwengu ambao ndoa ilikuwa miongoni mwa ngome chache za mwanamke. Mapambo yalikuwa sehemu ya silaha za ngome hiyo. Tena alimaliza kwa kutaka wanawake wengine wausome utenzi wake, jambo lisilotarajiwa kwa mtu aliyeamini kwamba sauti ya mwanamke haina thamani.

Sehemu kubwa ya mwisho ya utenzi ni dua. Mama aliyekwisha kueleza habari za asumini na hina alimwelekea Mungu akiomba nafuu, akiwaombea watoto wake na jamaa zake, na kuwakabidhi kwa Mola kwa kuwa yeye hana tena nguvu za kuwalinda. Hapo ndipo msomaji anapotambua kwamba maagizo yote ya mapambo yalitoka kwa mwanamke ambaye mwili wake mwenyewe ulikuwa ukidhoofika.

Nafuu haikuja. Mwana Kupona alifariki karibu mwaka wa 1860. Miaka michache baadaye, wakati wa utawala wa Sayyid Majid wa Unguja, Siyu nayo ilitiishwa. Mji uliokataa kushindwa kwa mabavu ukashindwa hatimaye. Lakini utenzi haukutekwa. Wanawake waliendelea kuukariri na kuunakili, na ukasafiri kutoka nyumba hadi nyumba.

Baadaye ulifika mikononi mwa wataalamu. Alice Werner, msomi Mwingereza aliyetembelea pwani mwanzoni mwa karne ya 20, aliuchapisha mwaka wa 1917, na mwaka wa 1934 ukatoka tena kama kitabu alichokitayarisha pamoja na William Hichens. J.W.T. Allen aliuingiza katika mkusanyo wake wa tendi wa mwaka wa 1971. Leo ni vigumu kutaja historia ya fasihi ya Kiswahili bila kumtaja Mwana Kupona.

Mombasa bara haiko mbali na urithi huo. Familia zenye asili ya Lamu, Pate na visiwa vya Wabajuni zimeishi Kisauni na Likoni kwa vizazi, na zilipohama hazikuacha nyuma desturi za kumwandaa mwari. Somo bado humsinga bibi harusi, liwa bado husagwa, hina bado huchorwa mikononi na miguuni. Kilichoongezeka ni kisanduku cha mpambaji chenye poda za rangi nyingi na brashi za kila ukubwa.

Kimeongezeka pia kile ambacho Mwana Kupona hakukijua. Baadhi ya wanja unaouzwa masokoni umepatikana na madini ya risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto na wajawazito. Piko nyeusi iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele rangi huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Krimu za kujichubua zenye zebaki hudhuru figo, na hidrokwinoni inayotiwa katika nyingine huweza kuiharibu ngozi yenyewe. Bibi harusi wengi hupakwa rangi juu ya uso ambao tayari umeumizwa na krimu, na hakuna kivuli cha poda kinachoweza kuficha jambo hilo kwa muda mrefu.

Hapo ndipo mpangilio wa mjane wa Siyu unaporudi kuwa somo. Nyumba kwanza, mwili baadaye, uso mwisho. Ngozi ioshwe na itunzwe kabla ya kupakwa, na rangi iwekwe kwa kuufuata uso alioumbiwa mtu.

Mwana Hashima alipewa urithi wa maneno na mama asiye na muda. Zaidi ya miaka 160 imepita, na kila mpambaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayemaliza kazi yake kwa kutia wanja katika nyusi za bibi harusi, anatimiza agizo la mama huyo, ajue au asijue.