Carl von Linde, profesere aliyefunga baridi mu mashini

Mwenye kupika munkoyo nyumbani anajua: joto la mwezi wa kumi likikamata, mbele mvula inyeshe, kinywaji kinachacha mbio na kesho yake ni kikali sawa siki. Ile shida watu wa Bavaria, kule Ujerumani, waliijua sana. Pombe yao, ndugu ya pombe ya chupa tunayokunywa sisi, inataka baridi. Levire yake inatumika muzuri kati ya digri 8 na 12, kisha pombe inalala wiki nyingi karibu na digri 0. Tena levire ikitumika inatoa joto yenyewe, pipa linajipasha. Joto likipita kipimo, utamu unaharibika na vijidudu vingine vinaingia. Juu ya hiyo, tangu 1553 sheria ilikataza kupika pombe kuanzia 23 Aprili mpaka 29 Septemba, na ilidumu mpaka 1850. Wakati wa baridi watu walikata barafu juu ya maziwa na kuijaza mu mashimo chini ya udongo. Mwaka baridi ikikosa, mwenye pombe analia.

Carl Linde alizaliwa 11 Juni 1842 mu kijiji cha Berndorf, mutoto wa tatu kati ya tisa wa pastere mumoja. Alisoma Zurich, Uswisi, lakini mwaka 1864 wanafunzi wakafanya fujo juu ya uongozi wa shule, naye akafukuzwa bila diplome. Mwalimu wake Reuleaux akamutafutia nafasi mu fabriki ya pamba. Kutoka pale akaingia Borsig ya Berlin, kisha kompani ya Krauss ya Munich, iliyotengeneza lokomotivi. Mwaka 1868, yule asiye na diplome akaanza kufundisha mu shule kubwa ya mashini ya Munich! Kati ya wanafunzi wake alikuwa Rudolf Diesel, ule wa motere ya dizeli.

Aliandika juu ya namna ya kuleta baridi kwa mashini, na wakubwa wa pombe wakamusoma. Sedlmayr wa Spaten, Munich, akamupa nafasi ya kujaribia mu fabriki yake. Mashini ya kwanza ilitumia eta, na eta ilivuja, hapana kuifunga. Linde hakuacha, akachukua amoniaki. Kazi yake ni hivi: unaifinya mpaka inapata moto, unaipoza na maji inakuwa maji-maji, kisha unaifungulia irudie mvuke. Pale inanyanganya joto kila kitu kilicho karibu, sawa ile alkoli mufiremu anapaka ku mukono mbele ya sindano. Moja ya zile mashini ilienda Trieste, kwa Dreher, na ilitumika mpaka 1908.

Mwaka 1879 Linde akaacha uprofesere, na mushahara wa hakika, akafungua kompani yake Wiesbaden. Alikuwa na bibi, Helene, na watoto wa kulisha. Mimi ningeogopa. Lakini baridi ya 1883 kuingia 1884 ilikuwa dhaifu, barafu ikakosa ku maziwa, na wenye pombe wakakimbilia kwake.

Leo Marekani na Bulaya, watu wanaopika pombe nyumbani wanachukua konjelatere ya zamani na kutia pipa ndani. Konjelatere peke yake ingegandisha yote, kwa hiyo wanaiunga na termosta inayokata umeme baridi ikitosha na kuurudisha joto likipanda. Wenye akili wanabandika kipima-joto ku ubavu wa pipa, hapana kukitundika mu hewa, juu pombe inayochacha ina joto kupita hewa inayoizunguka. Ndani ya ile sanduku mvuke unafinywa na kufunguliwa vilevile sawa kwa Linde.

Yeye mwenyewe hakubakia ku pombe. Mwaka 1895 alipoza hewa mpaka ikawa maji-maji, na mwaka 1902 akatoa ndani yake oksijeni safi. Njo ile oksijeni masudere wa mugodi wanatumia mu chupa za chuma kukata na kuunga vyuma. Alikufa Munich, 16 Novemba 1934, akiwa na miaka 92.