T. S. Eliot: mshairi wa upweke aliyepiga magoti

Tumezoea kusema kwamba mpweke ni mtu aliye mbali na wenzake. Maisha ya mshairi T. S. Eliot yanatuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya umati, hata ndani ya nyumba yake.

Thomas Stearns Eliot alizaliwa mwaka wa 1888 katika mji wa St. Louis, Marekani. Babu yake alikuwa mchungaji wa Waunitari, kanisa ambalo halikukiri Utatu wa Mungu. Eliot alisoma filosofia huko Harvard, na mwaka wa 1914 akahamia Uingereza. Mwaka uliofuata alimwoa Vivienne Haigh-Wood bila kuwajulisha wazazi wake. Ndoa ilikuwa nzito tangu mwanzo: mke aliugua mara kwa mara, na fedha hazikutosha. Kuanzia 1917 Eliot alifanya kazi ya banki mjini London, na usiku aliandika.

Mwaka wa 1921 nguvu zilimwishia. Alipewa likizo, akapumzika kando ya bahari huko Margate, kisha akaenda kwa daktari Lausanne, Uswisi. Katika miezi hiyo alimaliza shairi la The Waste Land, lililotoka 1922. Ndani yake wafanyakazi wanavuka daraja la London bila kutazamana, na watu wawili wanakaa chumba kimoja bila kusikilizana. Ulaya ilikuwa imetoka vitani, na wengi walijiona humo.

Tarehe 29 Juni 1927 Eliot alibatizwa katika kanisa la kijiji cha Finstock, milango ikiwa imefungwa. Marafiki wengi walishangaa. Baadaye alitumika kama mzee wa kanisa huko London kwa miaka 25.

Hata hivyo, ubatizo haukumaliza upweke wake, wala haukumfanya mtu asiye na kosa. Mwaka wa 1933 aliachana na Vivienne. Mwaka wa 1938 mama huyo aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa humo 1947. Walioandika maisha ya Eliot wanasema hakwenda kumtembelea.

Hatuandiki hayo ili tumhukumu. Yeye mwenyewe, katika shairi la Little Gidding la mwaka wa 1942, alieleza uchungu wa mzee anayetambua kwamba mambo aliyoyahesabu kuwa mema yaliwaumiza wengine. Zamani alikuwa ameandika juu ya upweke unaompata mtu. Sasa aligusa pia maumivu ambayo mtu huwaletea wenzake. Hapo ndipo kujichunguza kunapogeuka kuwa toba.

Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1948. Mwaka wa 1957 alimwoa Valerie Fletcher, na miaka yake ya mwisho ilikuwa ya furaha. Alikufa tarehe 4 Januari 1965. Majivu yake yamo katika kanisa la East Coker, kijiji cha mababu zake.

Katika parokia zetu wamo wajane, waliokimbia vita, na wagonjwa wa akili wanaofichwa nyumbani. Tunapojichunguza mbele za Mungu, tusiishie kuuliza ni nani aliyetuacha peke yetu. Tuulize pia ni nani tuliyemwacha, nasi tuende kumwona angali hai.