Mackay na Njia ya Mpwapwa

Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka pwani alifurahi sana alipoiona milima ya Mpwapwa. Hapo palikuwa na maji na chakula. Mbele yake ilikuwako nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji, na ng'ambo yake Ugogo, ambako watemi walitoza hongo. Basi wamisionari wa chama cha C.M.S., walipoanza safari ya kwenda Uganda mwaka 1876, walipachagua Mpwapwa pawe kituo chao njiani. Lakini kituo kisichofikiwa na mizigo hakikai; na mtu aliyepewa kazi ya kuitengeneza njia ni Alexander Mackay.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alimfundisha mwenyewe nyumbani hata akafikia miaka 14. Akajifunza ufundi wa mitambo Edinburgh, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha mashine huko Berlin. Mwaka 1875 barua ya Stanley ikatangazwa gazetini Uingereza, kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. Mackay akajitoa, akafika Unguja mwaka 1876. Safari yake ya kwanza ya bara haikufika mbali: homa ilimshika, akarudishwa pwani.

Alipopona, hakukaa akiwangojea wenziwe. Mwaka 1877 aliajiri watu, akawapa mashoka, misumeno na majembe, wakaanza kufyeka kutoka Saadani. Yatupasa kukumbuka njia ya wapagazi ilivyokuwa: ujia mwembamba, mtu nyuma ya mtu, miiba ikirarua mizigo. Mackay alitaka njia pana ya kupitisha magari ya maksai. Penye msitu wakakata miti, penye korongo wakachimba kingo zake wazilaze, penye kijito wakaweka magogo. Yeye mwenyewe alishika shoka pamoja nao. Hivyo wakafika Mpwapwa, mwendo wa maili 230.

Lakini magari hayakufaulu. Mvua zilifanya udongo kuwa tope, na mbung'o waliwauma maksai, wakafa. Wako wasemao kwamba kazi ile yote ilikuwa bure. Mimi sioni hivyo. Maana mwaka 1878 Daktari Baxter na Bwana Last walikaa Mpwapwa, misheni ikasimama, watu wakaja kutibiwa na kufundishwa.

Mackay hakukaa nao. Desemba 1877 wenziwe wawili, Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, naye akaharakisha kwenda ziwani. Akaikuta mashua yao imeharibika, akaitengeneza, na Novemba 1878 akafika Buganda. Huko alifua chuma, alijenga, alichonga herufi za kupigia chapa, akafundisha vijana kusoma. Mwanzoni walisoma Injili kwa Kiswahili, kwa kuwa hapakuwa bado na kitabu kwa Kiganda. Mwaka 1882 watu watano walibatizwa. Mutesa alipokufa mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala, na Januari 1885 vijana watatu wa misheni wakachomwa moto. Mackay alibaki mpaka mwaka 1887, alipofukuzwa. Akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, akajenga tena, akaendelea kufasiri na kupiga chapa. Homa ilimwua Februari 1890, naye alikuwa na umri wa miaka 40. Tangu alipotoka kwao mwaka 1876 hakurudi hata mara moja.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, wakati wa vita vya Bushiri, majengo ya misheni Mpwapwa yalichomwa moto. Yalijengwa tena, na Bwana Price akaendelea kufasiri Maandiko kwa Kigogo mpaka alipokufa mwaka 1895.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilitolewa Usambiro, ikazikwa Namirembe. Mwaka uo huo ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, Mpwapwa ikiwa ndani yake, na askofu wake wa kwanza, Chambers, akafanya makao Dodoma.