Adrian Atiman

Adrian Atiman (Tundurma, leo nchini Mali, 1866 hivi - Karema, leo katika Mkoa wa Katavi, Tanzania, 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kwa miaka 67 hivi. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa udaktari, kisha akawatibu watu wa rika zote, wakiwemo watoto waliopitia mateso kama yake.

Utoto na utumwa

Tundurma iko karibu na Mto Niger, upande wa Timbuktu. Atiman alikuwa na umri wa miaka kumi hivi alipotekwa na watu waliofanya biashara ya watumwa. Alipelekwa Timbuktu, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na msafara hadi Algeria. Huko alinunuliwa na Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao, ili awe huru.

Ukombozi wa namna hiyo ulikuwa na utata wake. Fedha zilizolipwa ziliingia mfukoni mwa yule yule mwenye biashara, na mtoto hakurudishwa kwa wazazi wake. Atiman alipata uhuru, lakini pia alipewa jina jipya la ubatizo, dini mpya na kazi aliyochaguliwa na wengine. Hakurudi tena kuishi kwao.

Masomo huko Malta

Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameona jinsi wamisionari Wazungu walivyokufa mapema kwa homa katika Afrika ya Kati. Alitaka wapatikane madaktari Waafrika ambao wangeoa, wangejenga na kuishi kati ya wananchi, huku wakifundisha dini. Mwaka 1881 alianzisha nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta kwa ajili ya vijana waliokombolewa utumwani, nao walijifunza tiba katika chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmojawapo, akamaliza mwaka 1888.

Karema

Mwaka huo huo alianza safari ya kuelekea Ziwa Tanganyika kupitia Zanzibar. Ndio mwaka ambao wenyeji wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walianza kupigana na Wajerumani. Msafara ulikwenda kwa miguu kutoka pwani hadi Karema, ukafika mwaka 1889.

Karema ilianzishwa mwaka 1879 kama kituo cha Wabelgiji, halafu mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Ilikuwa na boma, kwa kuwa eneo lile halikuwa salama. Mkataba wa mwaka 1873 ulikuwa umefunga soko la watumwa la Zanzibar na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, lakini barani biashara iliendelea. Tangu zamani watu waliotekwa pande za ziwa walipitishwa Ujiji na Tabora hadi pwani, na wengi waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba au ya minazi huko Mafia. Mapadri waliwanunua baadhi ya watoto hao na kuwalea katika nyumba za yatima. Walipokua waliozeshwa na kupewa mahali pa kujenga katika vijiji vya Wakristo.

Mara nyingi watoto waliokombolewa walifika wakiwa wamedhoofu kwa njaa, wana vidonda, au wameambukizwa ndui. Wengine hawakujua hata kwao ni wapi. Daktari aliyewapokea alikuwa amevuka jangwa akiwa na umri kama wao, jambo ambalo hakuna mmisionari Mzungu aliyeweza kulisema juu yake mwenyewe.

Kazi yake haikuishia katika nyumba ya yatima. Atiman alikuwa daktari wa familia nzima nzima: aliyemtibu mtoto alikuja baadaye kumtibu mjukuu. Wagonjwa walitoka vijiji vya mbali, na yeye pia aliwafuata makwao. Dawa za Ulaya zilichelewa kufika na zilikuwa chache, hivyo alijifunza pia mitishamba ya wenyeji na kuitumia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika mwambao wa ziwa na kuua watu wengi. Pamoja na hayo yote alifundisha katekisimu, kwa kuwa ndivyo Lavigerie alivyopanga: mtu mmoja, kazi mbili.

Ndoa na familia

Mwaka 1889 alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, kabila la eneo la Karema. Ndoa hiyo ilimfanya kijana aliyekuja kutoka mbali kuwa mkwe wa nchi, na bila shaka ilimfungulia milango ambayo dawa peke yake isingeifungua. Mwana wao Joseph alipata upadri mwaka 1923, wakati ambapo mapadri Waafrika nchini walikuwa bado wachache sana.

Miaka ya mwisho

Atiman alishuhudia utawala wa Wajerumani ukija na kuondoka, kisha Waingereza wakipiga marufuku utumwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, miaka 33 baada ya yeye kufika Karema. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Aliendelea kutibu hadi uzeeni, akafariki Karema mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa, imepewa jina lake, ingawa mara nyingi huandikwa Dr. Atman.