Mhandisi aliyekifukuza kipindupindu London

Msomaji wangu, ukiniuliza nani aliokoa maisha mengi London katika karne ya 19, sitakutajia daktari mwenzangu. Nitakutajia mhandisi, Joseph Bazalgette, aliyezaliwa mwaka 1819.

Enzi zake vinyesi vya jiji viliishia Mto Thames, na wakazi wengi walikunywa maji ya mto huohuo. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua zaidi ya watu 14,000 jijini humo. Hata hivyo, fedha za kazi zilipatikana upesi mwaka 1858 tu, mto uliponuka hadi mapazia ya Bunge yakalowekwa dawa. Harufu ilikuwa imefika kwenye pua za wakubwa!

Bazalgette alijenga mifereji mikuu ya matofali ya takriban kilomita 132, ikakinga majitaka kabla ya kufika mtoni na kuyapeleka mashariki mwa jiji. Wengi wakati huo, sisi madaktari tukiwamo, waliamini kipindupindu huletwa na hewa inayonuka. Imani hiyo ilikuwa ya makosa, lakini mifereji ilitenganisha kinyesi na maji ya kunywa. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kiliua zaidi mashariki ya London, ambako mifereji ilikuwa bado haijakamilika.

Lakini Bazalgette hakuyasafisha majitaka, aliyahamisha tu. Yalimwagwa mtoni Beckton na Crossness, maji yakianza kupwa. (Gari la kunyonya majitaka likitoka kwako, wewe unajua linakomwaga?) Mwaka 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na hapo, wakafa zaidi ya watu 600, na uchafu wa maji yale ukalalamikiwa sana. Ndipo wakaanza kutenganisha tope kwa kemikali. Bazalgette alifariki mwaka 1891.

Tope peke yake halikutosha. Bakteria wanaokula uchafu hutumia oksijeni ya maji, na samaki hukosa pumzi. Dawa yake ni kuwaacha bakteria hao wafanye kazi ndani ya matangi yanayopulizwa hewa, kisha maji ndiyo yaende mtoni. Mwaka 1957 wanasayansi walitangaza kwamba Thames ya London imekufa. Mitambo ya Beckton na Crossness ikaboreshwa, na mwaka 1974 samaki aina ya samoni akaonekana tena mtoni humo.